Taa ya Mahanyu Siku ya Arobaini

Siku ya arobaini taa ya mwanangu haikuzimika.

Tulikuwa tumemaliza khitima. Wanaume walikwisha kuvaa viatu, wanawake tunakusanya vikombe vya kahawa, na kila mtu alikuwa akiutazama ukuta wa ukumbini huku akijifanya anatazama kwingine. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Kuba, mji wetu huu uliofunikwa. Mtu akifa, taa yake kwenye ubao wa nyumba haikati siku hiyo. Inafifia kidogo kidogo. Ikifika siku ya kumi imekuwa kama kaa lililofukiwa jivuni; ikifika ya thelathini lazima usogee ndipo uione. Siku ya arobaini, dua ikishaitikiwa, inakata. Hapo watu husema, "Haya, ameondoka," mama wa marehemu anapewa mkono wa mwisho, na walio hai wanarudi kwenye shughuli zao.

Dua yetu ikaitikiwa. Mashine za mji zikavuma juu ya mapaa, zikatoa hewa ya alasiri, na taa ya Mahanyu ikawaka. Haikumetameta. Iliwaka kama alipokuwa hai, amerudi kazini na njaa yake, anauliza kuna nini jikoni.

Chini ya kila taa pana kidirisha kidogo kinachoonyesha mwenye taa yuko sehemu gani ya nyumba. Cha mwanangu kiliandika: MLANGONI.

"Bibi," akasema mjukuu wangu Mwanahidi, kwa sauti ya kawaida kabisa, mkononi ana kipande cha kisheti. "Baba amekuja. Mbona haingii?"

Hakuna aliyenipa mkono. Utampaje mama mkono wa pole kwa mtu aliyesimama mlangoni? Na njia ya kutokea ilikuwa hiyo hiyo moja. Nikawaangalia wageni wangu, watu wazima na vilemba vyao, wakipita ubavu ubavu, wamejibana kwenye fremu, kama wanaompisha mtu. Maalimu alipofika kizingitini akasita, akatoa salamu kwa sauti ya chini, kisha akapita mbio, kiatu kimoja mkononi.

*

Mimi elimu yangu ni ya msingi tu, na hayo mambo ya hewa sikufundishwa na kitabu. Alinifundisha Mahanyu mwenyewe, na kwa vile alimjua mama yake, alinifundisha kwa kitendawili.

"Kitendawili, Mama."

"Tega."

"Ananiuma hana meno, ananila sipungui, akishiba ananuka mimi."

Nikajaribu mbu, nikajaribu usingizi, nikajaribu deni. Nikashindwa. Nikampa mji wa Muheza, akaukataa, akasema machungwa yamekwisha, nikampa Pangani, akaenda, akarudi, akanijibu: "Ozoni."

Nje ya kuba yetu kuna kuvu inayoota mapafuni mwa watu. Ili isiingie, mashine hutema ozoni asubuhi na alasiri, ile hewa yenye harufu ya radi ikishapiga. Ozoni inaua kuvu, lakini haina adabu, haichagui. Ikikuta mpira inaupasua. Ikikuta mtu, inauma mafuta ya ngozi yake, yale unayoyaona ukijifuta paji la uso. Pale inapouma panatoka harufu: ya mchaichai, ya ganda la chungwa lililokauka juani. Kila mtu hapa anatembea amejifunika shuka la harufu hiyo, nene kama shubiri moja, asiloliona. Na hakuna mashuka mawili yaliyo sawa.

Waliojenga mji wakaona hapo pana njia ya kuhesabu watu bila kuwasumbua. Wakatutundikia pua. Usicheke, ndivyo tunavyoziita: vikopo vya bati vyenye matundu, kimoja kila chumba. Pua ikinusa mchaichai wako inakutambua, inawasha taa yako, na taa yako ndiyo fungu lako la hewa safi. Taa ikiwaka vizuri, tundu la darini linakupulizia fungu zima. Taa ikiwa hafifu, nusu. Mafungu ya mji ni elfu nne, hayaongezeki. Mtu wa nje haingii mpaka taa moja ya ndani ikate.

Sasa sikiliza walipokosea, au labda hawakujali. Ngozi ya mtoto bado haijaanza kutoa mafuta, na ya mzee imekwisha kuyatoa. Mwanahidi ana miaka tisa, mimi nina sabini na moja. Taa zetu mbili ukizikusanya hazitimizi moja. Na mjukuu wangu kifua chake kiliguswa na kuvu, ile ile iliyomuua mama yake, akiwa mchanga, kabla hatujaingia humu. Mahanyu alipokuwa hai, fungu lake la mtu mzima ndilo lililokuwa likimpumulisha mtoto. Mahanyu alipoteleza kwenye ngazi ya lango la nje akafa, kifua cha Mwanahidi kilianza kulia. Kwa siku arobaini nilikuwa namlaza kwa kumkalisha, mgongo wake kwenye tumbo langu, nikimhesabia pumzi.

Siku ile ya khitima, taa ilipowaka, tundu la darini lilipumua kama ng'ombe. Mwanahidi akalala chali, mdomo umefungwa, hadi asubuhi.

*

Basi nani angeuliza maswali?

Tukaishi naye. Mwanahidi alihamisha mkeka wake ukumbini ili awe karibu na mlango. Akitoka kwenda shule anaupa shikamoo, akirudi anauhadithia mwalimu kasema nini na nani kapigwa. Mimi nilianza kwa kumkemea, nikaishia kusubiri zamu yangu.

"Baba anapenda nini, Bibi, nimsogezee?"

"Baba yako anapenda kusifiwa. Mwambie ni mzuri."

"We Bibi!"

"Nimwambie nani tena, mke mwenzangu, na babu yako hayupo?"

Tulicheka. Lakini nilikuwa nikigeuka namwona ameweka sikio kwenye mbao.

Kila asubuhi kabla ya hewa ya kwanza niliupangusa ule mlango. Mahanyu alikuwa na kawaida ya kuupaka sifa kila Alhamisi, yale mafuta ya ini la papa, kama wazee wake walivyopaka vyombo vyao vya baharini. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kupaka sifa bawaba na mipira ya lango la mji, ili ozoni ing'ate mafuta, iuache mpira. Alikuwa akirudi mikono imelowa, ananuka papa, na mimi namzuia asiguse mashuka. Alipokufa tuliuacha mlango mkavu, nyumba ilikuwa ya msiba. Siku ya khitima nikaona aibu, wageni wataukuta umepauka, nikatoa debe lake chini ya kitanda, nikaupaka ndani na nje. Tangu hapo nikawa naugusisha kitambaa kila siku. Nilikuwa naona kama ninamfuta uso.

Mambo hayo mawili, kitambaa changu na taa yake, sikuyaunganisha. Moyo ukishapata unachokitaka, akili inakwenda kulala.

Kuna alasiri moja, ya siku ya arobaini na tatu, nilimkuta Mwanahidi amesimama katikati ya ukumbi hatikisiki. Nikamuuliza kulikoni. Akaninong'oneza:

"Nimemwambia aje mezani. Nimehesabu mpaka mia. Bado kaandikwa mlangoni. Bibi, kwa nini Baba hatembei?"

Nikatazama ubao. Taa inawaka, nzuri, imetulia. Mahanyu wangu tangu tumboni hakuwahi kutulia.

*

Mabomba yetu ya maji yako karibu na lango, na pembeni yake kuna banda la kioo la watu wanaosubiri kuingia. Hewa yao ni ya kuchuja kwa vitambaa, si ya ozoni, kwa hiyo kuvu inawapata polepole. Kioo kina bomba la kusemea. Watu wengi hupita hapo wameinamia ndoo zao.

Siku ya arobaini na nne nilichoka, nikaweka ndoo chini karibu na kioo. Upande wa pili aliketi mwanamke, hajafika thelathini, anasuka ukili. Kifuani ana kibao cha namba moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Napumua," akajibu, akacheka. Ndivyo wanavyojibu kule. "Naitwa Mwanjaa. Nina swali, mama, kama hutajali. Leo si siku ya arobaini na nne?"

"Ya nini?"

"Tangu jeneza lipite hapa. Walisema ni yule fundi wa kupaka lango mafuta. Mimi ndio nilikuwa nimefika namba moja, jana yake. Mungu anisamehe, nilimwombea rehema, kisha nikaanza kuhesabu." Akanyanyua ncha ya ukili. Ulikuwa na mafundo, moja baada ya jingine, madogo, yamekazwa. "Wanasema mkiwa na maiti mnangoja arobaini. Mimi arobaini yangu ilitimia Alhamisi. Nilioga, nikafunga mzigo, nikakaa hapa langoni. Halikufunguka."

Nikainamia ndoo yangu, naye akaniuliza:

"Pengine nimehesabu vibaya?"

"Hujahesabu vibaya."

"Basi huyo marehemu wa watu hataki kuondoka." Akacheka tena, na cheko likageuka kikohozi. Nilikijua kile kikohozi. Nilikuwa nikilala nacho tumboni mwangu. Kilipokwisha akapangusa mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakificha. "Tulikuja watatu, mama. Mimi na dada zangu. Ukili huu tulikuwa tunapokezana. Sasa nasuka mwenyewe."

Nilitaka kumwambia mimi ni nani. Nikamwambia, "Utaingia, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemdanganya mtoto kuhusu sindano, nikabeba ndoo, na maji nusu yakamwagika njiani.

*

Siku ya arobaini na sita akaja mpimaji wa mafungu, Bwana Singano, na mkoba wake. Ni mtu mpole, mwembamba, anayekohoa kabla ya kusema, si kwa ugonjwa bali kwa adabu.

"Bi Saumu, nyumba yako ina watu wangapi?"

"Wewe ndiye una ubao, baba. Mimi nina macho tu."

"Macho yako yanaona wangapi?"

"Wawili."

"Ubao wangu unaona watatu."

Hakuingia ndani. Alibaki pale pale kizingitini, akapitisha kidole kwenye mbao, akakinusa. Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia wimbo wa zamani.

"Sifa," akasema.

"Ni mafuta ya mwanangu. Ya kazini."

"Najua. Siku tuliyomwandikisha alitoka langoni moja kwa moja. Nilimwambia akaoge kwanza, akasema ana haraka, mtoto wake mchanga anakohoa. Pua ikamjifunza hivyo hivyo alivyokuwa, na papa wake." Akakohoa kwa adabu. "Bi Saumu, katika mafuta ya ngozi ya binadamu kuna kitu kinaitwa skwalini. Ozoni inakipenda kuliko kingine chochote. Na hakuna pengine kinapopatikana kwa wingi kama kwenye ini la papa. Ukipaka mbao sifa, kwa pua ile si mbao tena. Ni mtu amesimama."

Nikashika fremu. Nilijua. Sidhani kama kuna wakati sikujua, tangu Mwanahidi aliponiuliza kwa nini baba yake hatembei. Lakini kujua moyoni na kuambiwa na mtu wa mkoba ni mambo mawili.

"Kwa hiyo umekuja kuikata."

Bwana Singano akatazama njia nzima, kushoto na kulia, kisha akasema taratibu, "Nimekuja kukuomba upake kidogo. Ukipaka sana taa inapita kiwango, nalazimika kuja, na watu wanauliza. Futa kwa kitambaa kikavu, bakisha utando. Atakaa miaka."

"Atakaa nani?"

"Mke wangu amefariki miaka minne sasa. Taa yake bado iko jikoni. Nina watoto watatu wadogo, Bi Saumu, mafungu yao nusu nusu." Akafunga mkoba. "Usidhani uko peke yako. Kila mwezi naandika elfu nne, na kila mwezi najua kwamba watu mia sita katika hao ni milango, na vitanda, na viti vya watu waliokwisha kuzikwa, mafuta ya ngozi zao yamo bado, sifa inayaamsha. Mimi ndiye ninayewahesabu. Nimezoea. Kitu kimoja tu: usije ukalimwaga lile debe mferejini. Utauhesabisha mfereji."

Akaenda. Nikatoka nikatembea mtaa wetu wote, kitu ambacho sikukifanya tangu msiba. Hapo zamani ningeona tu milango. Sasa niliona inayong'aa. Mmoja baada ya nyumba nne, mmoja baada ya tatu, myeusi, imeiva, imelainika, imesimama wima kwenye mwanga wa mchana. Mmoja ulikuwa wazi kidogo. Nikausikia, au nikajidanganya nausikia, ukinuka mchaichai.

*

Nina tabia ya kutafuta mlango wa tatu palipo na miwili. Usiku ule nilifikiri: kosa ni la pua, inampunja mtoto. Basi nitamtimizia mtoto fungu lake mwenyewe. Nitautakasa mlango, ile sifa nimpake Mwanahidi. Atawaka kama mtu mzima, taa ya Mahanyu itakata, Mwanjaa ataingia. Nani atakuwa ameibiwa?

Alhamisi asubuhi, siku ya arobaini na saba, kabla ya hewa ya kwanza, kabla hata sijaanza mlango, nilimkalisha kwenye kigoda nikampaka paji la uso, shingo, mikono, miguu. Alikunja pua.

"Nanuka kama Baba."

"Baba yako alinuka vibaya zaidi."

Mashine zikavuma. Harufu ya radi ikashuka kutoka darini. Mwanahidi akasogea chini ya ubao kusoma, maana siku hizi yeye ndiye anayenisomea. Kisha akasema:

"Bibi. Mimi nimezimika."

Nikainuka. Taa yake, ile hafifu, yenye jina lake, ilikuwa nyeusi. Ya Mahanyu ilikuwa inawaka, kidirisha chake kimeandika mlangoni na ukumbini, sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mtoto akapiga hatua kwenda jikoni ili ahakikishe. Kidirisha kikaandika: MAHANYU, JIKONI. Akaingia chumbani. MAHANYU, CHUMBANI. Hatimaye alikuwa anatembea.

"Bibi, niite," akasema kutoka kule ndani, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Niite jina langu."

"Mwanahidi!"

"Tena."

"Mwanahidi binti Mahanyu! Njoo hapa!"

Akaja mbio, nikamkumbatia na sifa yake yote. Nilimwosha mara tatu, kwa sabuni, kwa ndimu, kwa sabuni tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu, na sikuacha kumtaja jina. Taa yake iliporudi, ndogo kama mbegu ya ufuta, tuliitazama wote wawili kama watu walioona mwezi wa Idi.

Hapo nikamkalisha nikamwambia yote, kama ninavyokwambia wewe. Kwamba baba yake hayumo mlangoni. Kwamba kinachompumulisha ni mbao na ini la samaki. Kwamba kuna mwanamke kwenye kioo, ana mafundo arobaini na saba, na anakohoa.

"Nikiufuta mlango," nikasema, "kifua chako kitarudi kulia. Sikufichi."

"Kitalia sana?"

"Kama zamani. Tutakesha."

"Na tusipoufuta?"

"Wewe utalala. Yeye atakufa."

Alifikiri. Usidhani watoto hawafikiri. Wanafikiri mguu ukiwa unachora chini. Nilitamani aseme hapana. Naungama hilo. Nilitamani mtoto wa miaka tisa anitue mzigo, aseme hataki, nami nipate wa kumsingizia.

"Kama Baba angekuwepo kweli," akasema, "angelifungua lango. Si ndiyo kazi yake?"

Kazi yake ilikuwa kulipaka, si kulifungua. Sikumsahihisha.

*

Tulichemsha maji. Tulitia majivu na ndimu, tukachukua madodoki mawili, mimi juu, yeye chini. Sifa haitoki kirahisi. Imeingia kwenye mbao, kwenye nyufa, kwenye kucha za wanaoisugua. Nilipofika usawa wa kitasa nikaona alama: dole gumba, jeusi, limebonyea kwenye utando wa mafuta ya zamani. Lake. Aliusukuma mlango kwa dole hilo kila siku kwa miaka tisa, mikono imejaa vitu.

Nililisugua mwisho.

Hewa ya alasiri ikaja. Mwanahidi akaenda kusimama chini ya ubao.

"Bado, Bibi."

Nikasugua.

"Bado. Imekuwa ndogo."

Nikasugua kwa mikono miwili, maji yananitiririka hadi kiwikoni, sijui ya ndoo, sijui ya macho.

"Imekata."

Tundu la darini lilishusha pumzi. Liliishusha kabisa, kama mtu aliyetua mzigo, kisha likabaki linapuliza kale kaupepo ketu ka nusu na nusu. Mlango ulikuwa umepauka, mweupe, mkongwe. Ulikuwa mlango.

Debe nikalifunga kwa kitambaa na nta, nikalipeleka langoni kwa mafundi. Mipira ya lango bado inahitaji kupakwa. Nilipopita mbele ya nyumba ya Bwana Singano alikuwa amesimama nje. Alinitazama mikono, ilivyochubuka. Mimi nililitazama dirisha la jikoni kwake, na yeye akaniona nikilitazama.

*

Ijumaa, baada ya sala, tulisikia hodi.

Mwanahidi alikuwa mkekani, nimemwegemeza kwenye mito. Usiku haukuwa mzuri. Kifua kilikuwa kimeanza ule mlio wake, nami nilikuwa nimehesabu pumzi mpaka namba zikapoteza maana.

"Karibu," nikasema.

Mlango ukafunguka, na akaingia mwanamke amebeba furushi na mkeka mwembamba mpya wa ukili. Macho yalikuwa yakimhangaika kwa mwanga. Kwetu hapa mtu akiingia mjini, jambo la kwanza, kabla hajaonyeshwa pa kulala, ni kwenda kutoa pole kwenye nyumba ambayo taa yake imekata. Wengi wanatumwa na mpimaji, wanakwenda kwa shingo upande. Huyu alikuja kabla hajatumwa.

Aliponiona alisimama. Akanitambua, nilimwona akinitambua. Alirudi nyuma kwa mawazo, hadi pale kwenye bomba la kusemea, hadi kwenye yale aliyoyasema na cheko lake, akafika tena hapa.

"Ni wewe, mama," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Nilidhani atauliza. Siku saba, na kikohozi cha siku saba, alikuwa na haki ya kuuliza. Aliweka furushi chini, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono wangu uliochubuka kwa mikono yake miwili.

"Pole kwa msiba, mama. Mungu amlaze pema mwanao. Anaitwa nani?"

Tangu siku ya arobaini hakuna aliyenipa pole, wala hakuna aliyeniuliza jina lake. Nilifungua mdomo kulitaja, na badala ya jina kikatoka kilio ambacho sikujua nilikuwa nimekihifadhi, kirefu, cha mwanamke aliyefiwa. Mwanjaa hakuniachia mkono. Mpaka kilipokwisha nikaweza kusema, "Mahanyu."

"Mahanyu," akarudia.

Mkekani Mwanahidi alikohoa mara mbili. Pumzi ikakwama. Sote wawili tukageuka, magoti kwa magoti, tukamsikiliza kama atavuta tena.

Akavuta.